Kufa Kufaana: Mdororo wa Uchumi Unavyochonga Utamaduni wa Miongo

Mwaka 1983 kampuni ya Roland ya Japani iliacha kutengeneza mashine ya ngoma iitwayo TR-808. Tangu 1980 ilikuwa imeuza takriban mashine 12,000 tu, kwa dola 1,195 kila moja, na wanamuziki wenye fedha waliidharau kwa sababu milio yake haikufanana na ngoma ya kweli. Mshindani wake, Linn LM-1, iligharimu karibu dola 5,000 lakini ilibeba sauti zilizorekodiwa kutoka kwenye ngoma halisi. Basi mashine za 808 zikaishia kwenye maduka ya rehani na ya vitu vilivyotumika, kwa sehemu ndogo ya bei ya awali. Waliozichukua huko walikuwa vijana wa miji kama Detroit na Chicago, iliyokuwa ikipoteza viwanda vya magari na chuma wakati wa mdororo wa 1981 na 1982, ambao ulifikisha ukosefu wa ajira wa Marekani asilimia 10.8. Mlio uliodharauliwa leo umo ndani ya hip hop na muziki wa klabu wa dunia nzima.

Maelezo ya kawaida ya mambo kama haya ni kwamba shida huleta huzuni, huzuni huleta wimbo. Ni maelezo matamu, na ukiyapima hayasimami, kwa sababu huzuni ipo kila mwaka na aina mpya za sanaa hazizaliwi kila mwaka. Mdororo kwanza ni tukio la bei. Kuna vitu hushuka thamani ghafla na vingine hupanda, na utamaduni huota pale palipopata nafuu. Anayetaka kujua kwa nini muongo fulani ulisikika au ulivaa vile, aulize bei za vitu vinne: muda wa watu, nafasi ya kufanyia kazi, zana, na fedha za wale wanaoshika mlango, yaani studio, wachapishaji na vituo vya utangazaji. Kiswahili kina msemo wa maneno mawili unaotosha kueleza jambo zima: kufa kufaana. Ila msemo huo una aliyekufa ndani yake, na wachambuzi wengi humruka.

Tuziondoe kwanza nadharia mbili zinazopendwa. Moja ni ya upindo wa sketi: uchumi ukipanda sketi hupanda, uchumi ukishuka nazo hushuka. Huhusishwa na mchumi wa Marekani George Taylor na miaka ya 1920. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Rotterdam, Marjolein van Baardwijk na Philip Hans Franses, waliipima kwa takwimu za mitindo za kuanzia 1921 hadi 2009. Walikuta uhusiano upo, isipokuwa uchumi unaitangulia sketi kwa takriban miaka mitatu. Nyingine ni ya rangi ya midomo, iliyovumishwa na Leonard Lauder wa kampuni ya Estée Lauder mwaka 2001, kwamba fedha zikipungua wanawake huacha vya ghali na kujifariji kwa rangi ya midomo. Mwaka 2020 uchumi ulianguka, barakoa zikafunika midomo, na mauzo ya rangi hiyo yakaanguka nayo. Kilichobaki cha kweli katika nadharia hii ni kwamba watu wakibanwa hawaachi starehe, hushuka ngazi moja ya bei. Kitakachokuwa kimekaa kwenye ngazi hiyo hakitabiriki kwa kanuni.

Ile miaka mitatu ya Rotterdam ndiyo ya kushika. Utamaduni huchelewa. Aliyepoteza kazi leo, au aliyenunua chombo cha mtumba leo, anahitaji muda wa kujifunza, muda wa kupata wenzake, na muda wa kusikika na mtu asiye jirani yake. Kwa nguo, miaka mitatu inatosha. Kwa uchoraji inaweza kufika kumi na zaidi. Ndiyo maana mara nyingi kile tunachokiita utamaduni wa muongo fulani ni matunda ya mdororo wa muongo uliotangulia, yaliyoiva wakati uchumi umeshapona na kuna wa kuyanunua.

Miaka ya 1930 ya Marekani ndiyo shamba lenye ushahidi mwingi zaidi. Soko la hisa lilianguka Oktoba 1929, na kufikia 1933 takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na ajira. Hadithi inayorudiwa ni kwamba watu walikimbilia sinema kusahau shida, kwa hiyo sinema haina hofu na mdororo. Si kweli. Mwaka 1933 studio ya filamu ya Paramount ilifilisika na ile ya RKO ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Maelfu ya kumbi zilifungwa. Zilizobaki zilijiokoa kwa mbinu za dukani: filamu mbili kwa tiketi moja, bisi zilizouzwa mlangoni na ndani, na usiku wa vyombo, ambapo mwenye tiketi alipewa sahani au kikombe, kila wiki kipande kimoja, hadi seti ya mezani itimie. Mbinu ya filamu mbili ilikuwa na athari kwa sanaa yenyewe. Ukiuza mbili kwa bei ya moja, ya pili lazima iwe fupi na ya gharama ndogo, ipigwe kwa siku chache katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya filamu nyingine. Kutoka huko kikazaliwa kiwanda kizima cha filamu za daraja la pili, za wahalifu, za kutisha na za wachunga ng'ombe, na ndicho kilichofundisha kazi mafundi wengi wa picha na taa wa miongo iliyofuata.

Santuri ziliumia zaidi. Mauzo ya Marekani yaliporomoka kutoka zaidi ya sahani za santuri milioni 100 mwaka 1927 hadi takriban milioni 6 mwaka 1932. Santuri iliuzwa kwa senti 75 kila moja, ilhali redio ukishainunua inakupa muziki bure. Mwaka 1930 takriban asilimia 40 ya kaya za Marekani zilikuwa na redio. Mwaka 1940 zilikuwa zaidi ya asilimia 80. Hebu fikiria: katika muongo mbaya kuliko yote ya kiuchumi, chombo cha ghali kiasi kile kiliongeza wateja maradufu. Sababu ni kwamba redio ni gharama ya mara moja, na mtu aliyebanwa huogopa zaidi gharama inayojirudia.

Nani basi alilipia vipindi? Watengenezaji wa sabuni. Watu hawaachi kufua hata wakifukuzwa kazi, kwa hiyo kampuni kama Procter & Gamble zilibaki na fedha za matangazo wakati wengine wamenyamaza. Muda wa mchana, uliodharauliwa na watangazaji wakubwa, ulikuwa nafuu kununua, na wasikilizaji wake walikuwa wanawake wa nyumbani, wanunuzi haswa wa sabuni. Kipindi kilikuwa dakika 15, siku tano kwa wiki, waigizaji wachache, mpiga kinanda mmoja badala ya okestra. Ukiwa na dakika 15 huwezi kumaliza kisa, kwa hiyo unakikata kwenye jambo linalouma na kumwacha msikilizaji akisubiri kesho. Ukiwa huna fedha za mandhari mengi, unawaweka wahusika jikoni na sebuleni na kuwafanya wazungumze. Tamthilia zote za mfululizo zinazotawala runinga leo, kuanzia Mexico hadi Uturuki, zimerithi mifupa hiyo iliyochongwa na bajeti ya sabuni. Wanaozibeza kwa maneno mengi na vyumba vichache wanabeza, bila kujua, karatasi ya hesabu ya mwaka 1933.

Kilichoifufua santuri pia kilikuwa bei. Mwaka 1934 kampuni ya Decca ilianza kuuza sahani zake Marekani kwa senti 35, chini ya nusu ya bei ya kawaida. Miezi michache nyuma, Desemba 1933, marufuku ya pombe ilikuwa imeondolewa. Baa zilizofunguliwa upya hazikuwa na uwezo wa kuajiri bendi, zikaweka mashine za santuri za kutumbukiza sarafu. Sahani ikaacha kuwa kitu cha sebule tulivu. Ikawa lazima isikike juu ya kelele za wanywaji, iwe na mdundo wa kuchezeka, na ionyeshe sura yake mapema, kwa sababu upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu tu na mwenye sarafu hana subira. Anayetaka kuelewa kwa nini muziki wa swingi wa katikati ya miaka ya 1930 una nguvu vile asiache kuhesabu baa.

Halafu kuna serikali. Agosti 1935 ilianzisha mpango wa kuwaajiri wasanii, waandishi, wanamuziki na watu wa jukwaani, kwa bajeti ya awali ya dola milioni 27. Wachoraji wa New York walilipwa karibu dola 24 kwa wiki. Jackson Pollock, Mark Rothko na Willem de Kooning wote walipitia humo. Richard Wright, Ralph Ellison na Zora Neale Hurston walikuwa upande wa waandishi. Upande huo ulikusanya mahojiano zaidi ya 2,300 ya watu waliowahi kuwa watumwa, kazi ambayo hakuna mchapishaji wa biashara angeigharimia. Mpango haukuwaagiza wachoraji wagundue mtindo mpya. Uliwapa mshahara wa kuwatosha kuishi bila kuuliza kama picha itauzika, na ukawakutanisha kwenye foleni ileile ya malipo. Mpango ulipofungwa mwaka 1943, baadhi ya picha ziliuzwa kwa uzito, kama turubai chakavu. Mtindo uliowapa umaarufu wachoraji hao, ule usiochora kitu kinachotambulika, ulichukua dunia mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950. Aliyetazama mwaka 1938 angeona watu wanaopokea posho. Matunda yalionekana Marekani ilipokuwa tajiri kuliko nchi yoyote.

Sasa tumtazame aliyekufa. Kabla ya anguko, kampuni za santuri zilituma mafundi kusini mwa Marekani kurekodi wapiga gitaa Weusi wa mashambani, kwa malipo madogo ya mara moja. Fedha zilipokauka, safari hizo zilikuwa za kwanza kukatwa. Kampuni ndogo ya Paramount ya Wisconsin, isiyo na uhusiano na ile ya filamu, iliacha kurekodi mwaka 1932. Son House alirekodiwa nayo mwaka 1930, Skip James mwaka 1931. Sahani zao zilitoka wakati hakuna mwenye senti 75, zikauza kidogo mno, na wote wawili wakapotea machoni pa biashara ya muziki hadi vijana wakusanyaji walipowatafuta na kuwapata mwaka 1964. Hao wawili walipatikana. Waliokuwa wazuri kama wao na hawakupata hata ile siku moja ya kurekodiwa hawana pa kutafutwa. Kila tunaposema mdororo umezaa sanaa kubwa, tunahesabu vichanga vilivyopona.

Twende New York ya miaka ya 1970, ambako makosa ya uchambuzi ni mengi zaidi. Simulizi ni nyepesi: bei ya mafuta ilipanda kutoka karibu dola 3 kwa pipa hadi karibu 12 kati ya Oktoba 1973 na mwanzoni mwa 1974, mdororo ukaja, mji ukakaribia kufilisika mwaka 1975, majengo ya wilaya yake ya Bronx yakaungua, hip hop ikazaliwa kwenye majivu. Angalia tarehe. Sherehe inayotajwa kuwa mwanzo wa hip hop, iliyoandaliwa na Cindy Campbell na kupigiwa muziki na kaka yake, DJ Kool Herc, kwenye ukumbi wa jengo nambari 1520 la Sedgwick Avenue, ilifanyika tarehe 11 Agosti 1973. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Mdororo wa Marekani unahesabiwa kuanza Novemba 1973. Mtoto alimtangulia mama yake kwa miezi mitatu.

Je, mdororo hauhusiani basi? Unahusiana, ila kwa njia nyingine. Bronx ilikuwa imeanza kuporomoka zamani, tangu barabara kuu ilipokatwa katikati yake kuanzia 1948 na wenye viwanda wakaanza kuhama. Mdororo wa taifa ulichofanya ni kuondoa vilivyokuwa vinashindana na sherehe ile. Shule ziliachisha kazi maelfu ya walimu, na vipindi vya muziki vikawa miongoni mwa vya kwanza kukatwa. Chuo kikuu cha umma cha mji kiliacha elimu ya bure mwaka 1976. Kijana asiye na trumpeti ya kuazima shuleni alikuwa na vitu viwili nyumbani: santuri za wazazi na chombo cha kuzipigia. Ukiwa na nakala mbili za sahani moja na vyombo viwili vya kuzipigia, unaweza kurudia kile kipande kifupi cha ngoma tupu kwa muda wowote unaotaka, na hapo huhitaji mpiga ngoma. Ile ni sanaa iliyokatwa kwa urefu wa kamba ya mtu. Mdororo haukuibuni. Uliipa miaka sita ya kukua bila kampuni yoyote kuigusa, kwani sahani za kwanza za rap zilizovuma zilitoka mwaka 1979.

Upande wa chini wa kisiwa cha Manhattan bei iliyoshuka ilikuwa ya nafasi. Viwanda vidogo vya nguo na karatasi vilihama mtaa wa SoHo, vikaacha sakafu pana zenye madirisha makubwa na lifti za mizigo. Wachoraji walihamia humo kinyume cha sheria, mwaka 1971 mji ukaruhusu wasanii waliosajiliwa, na mwaka 1982 sheria ya jimbo ikawalinda wapangaji waliokuwa tayari wamo kwenye majengo ya namna hiyo. Ukitaka kujua kwa nini picha na sanamu za wakati ule ni kubwa mno, pima dari. Msanii anayefanya kazi chumbani hutengeneza kinachopita mlango wa chumba.

Uingereza iliongeza kitu kingine, muda uliolipiwa. Kuanzia Januari hadi Machi 1974 viwanda viliruhusiwa umeme siku tatu tu kwa wiki, na kabla ya hapo runinga zilikuwa zimeanza kuzimwa saa nne na nusu usiku. Mwaka 1976 serikali iliomba mkopo wa dola bilioni 3.9 kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Muziki wa pank uliolipuka mwaka huo huelezwa kama hasira. Hasira ilikuwepo, lakini jambo lililodumu kuliko hasira ni hesabu. Kundi la Buzzcocks la Manchester lilikopa takriban paundi 500 na kuchapisha lenyewe nakala 1,000 za sahani yao ya kwanza, Januari 1977. Mwaka huohuo kundi jingine, Desperate Bicycles, liliwatangazia wasikilizaji gharama yake yote: paundi 153 kwa nakala 500. Mara tu namba ilipokuwa hadharani, mlango wa kampuni kubwa ukapoteza kitasa chake. Mamia ya vikundi viliiga, na mtandao wa maduka na wasambazaji huru uliofuata ndio uliolisha muziki wa Uingereza katika miaka ya 1980.

Januari 1982 wasio na ajira Uingereza walivuka milioni 3. Serikali ya Margaret Thatcher, ambayo haikuwa na nia yoyote ya kufadhili wasanii, ilianzisha posho ya kujiajiri: paundi 40 kwa wiki kwa mwaka mmoja, kwa asiye na kazi anayeweza kuonyesha paundi 1,000 benki. Wengi waliazima hizo elfu moja kwa siku chache, wakapata karatasi ya benki, wakazirudisha. Alan McGee aliitumia posho hiyo kujenga kampuni ya santuri ya Creation. Serikali ilitaka kupunguza takwimu za ukosefu wa ajira, ikajikuta inalipia gitaa. Sera ya utamaduni yenye matunda mengi ya muongo ule haikuwa imeandikwa kuwa sera ya utamaduni.

Mifano hii yote ni ya nchi tajiri, ambako mdororo maana yake ni kupoteza ajira. Kwingineko mara nyingi mdororo huja kama sarafu inayoporomoka, na hapo bei inayoamua ni ya kitu kinacholipiwa kwa dola. Nigeria ilianza mpango wa marekebisho ya uchumi mwaka 1986. Naira, iliyokuwa karibu sawa na dola muda mfupi kabla, ilihitaji zaidi ya 15 kununua dola moja ilipofika 1992. Filamu ya seluloidi inanunuliwa nje, inasafishwa nje, inakatwa nakala nje. Ghafla filamu moja ikawa haiwezekani kwa mtu wa kawaida. Wakati huohuo kumbi za sinema zilikosa wateja kwa sababu kutembea usiku Lagos kulikuwa hatari, na nyingi zikageuzwa makanisa na maghala. Hapo akaingia mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki, Kenneth Nnebue, aliyekuwa na biashara ya kanda tupu za VHS. Kanda yenye hadithi ndani inauzika kwa bei nzuri kuliko kanda tupu, basi mwaka 1992 akagharimia filamu ya Kiigbo, ikapigwa kwa kamera ya video, ikauzwa sokoni moja kwa moja.

Mengi yanayoitwa mtindo wa filamu za Nigeria yametokana na mpangilio huo. Filamu zilikuwa ndefu na zenye sehemu ya kwanza na ya pili, kwa sababu sehemu ya pili ni kanda nyingine ya kuuza. Zilikuwa za ndani ya nyumba, kwa sababu nyumba ya jamaa ni studio ya bure na video haipendi mwanga mgumu wa jua. Maneno yalikuwa mengi, kwa sababu waigizaji wengi walitoka kwenye michezo ya jukwaani na runinga. Na zilitengenezwa kwa kasi, kwa sababu wezi wa nakala hufika sokoni ndani ya wiki chache na mtaji lazima urudi kabla yao. Wakosoaji waliokuwa wakililia seluloidi walisubiri uchumi upone. Wauza kanda hawakusubiri.

Argentina ilipoacha kulipa madeni yake Desemba 2001 na peso, iliyokuwa imefungwa kuwa sawa na dola moja tangu 1991, ikafika karibu 4 kwa dola katikati ya 2002, karatasi ya vitabu ilipanda bei na mitaa ya Buenos Aires ikajaa watu wanaookota maboksi kuyauza. Mwaka 2003 kikundi cha Eloísa Cartonera kilianza kununua maboksi hayo, kwa bei ya juu kuliko ya wanunuzi wa kawaida, na kuyafanya majalada ya vitabu yaliyopakwa rangi kwa mkono. Njia hiyo ikaenea Amerika ya Kusini. Ni jambo dogo kibiashara, lakini linaonyesha kanuni kwa usafi ambao mifano mikubwa haina.

Mfano unaonisumbua zaidi ni Japani, na mchambuzi mwaminifu hapaswi kuuficha. Soko la hisa la Tokyo lilifika kilele cha 38,915 Desemba 1989, kisha likaanguka, na miaka ya 1990 ikaitwa muongo uliopotea. Waliomaliza chuo wakati huo walikosa ajira za kudumu. Hata hivyo mauzo ya muziki Japani yalifika kilele cha historia yake mwaka 1998, katikati ya mdororo. Hilo liliwezekanaje? Kijana asiye na kazi ya kudumu hakuhamia chumba cha bei nafuu mtaa uliochakaa. Alibaki kwa wazazi, kiasi kwamba mwanasosholojia Masahiro Yamada akawapa jina la vimelea wasiooa. Asiyelipa kodi ya pango wala chakula, hata akiwa na kibarua kidogo, mfukoni ana fedha za sidii na nguo. Mdororo kama ule uliowapa New York magofu ya kuishi uliwapa Wajapani chumba cha utotoni na fedha za matumizi. Ndiyo maana matunda yake yalikuwa ya mlaji zaidi kuliko ya fundi: nguo za kuvutia za vijana wa Harajuku, mtaa wa Tokyo, upande mmoja, na upande mwingine koti la flisi la kampuni ya nguo ya Uniqlo la yen 1,900, lililouza takriban milioni 26 mwaka 2000. Anayetumia kanuni ya New York kusoma Tokyo atapotea, kwa sababu alisahau kuuliza vijana wanalala wapi.

Swali hilohilo la malazi ndilo linaloufungua mdororo wa 2008. Benki ya Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba 2008, ukosefu wa ajira Marekani ukafika asilimia 10 Oktoba 2009. Zana zilikuwa hazijawahi kuwa rahisi vile, kwani kompyuta ya kawaida ilikuwa tayari na studio ndani yake. Muda ulikuwepo tele. Hata kufa kufaana kwa mtindo wa zamani kulionekana: ujenzi uliposimama, magari ya kuuzia chakula kwa mafundi wa ujenzi yakakosa kazi, wapishi wa hoteli nao wakaachishwa, na kuanzia Los Angeles mwishoni mwa 2008 wawili hao wakakutana na kuzaa wimbi la migahawa ya magurudumu. Lakini nafasi haikushuka bei pale ilipohitajika. Benki kuu zilishusha riba hadi karibu sifuri, fedha za nafuu zikakimbilia majengo ya miji mikubwa, na kodi za pango zikapanda tena mapema. Kati ya 2007 na 2015 London ilipoteza takriban asilimia 35 ya kumbi zake ndogo za muziki. Kuanzia Septemba 2012 kuvamia nyumba tupu na kuishi humo kukawa kosa la jinai Uingereza, ilhali wasanii wengi wa miaka ya 1970 waliishi hivyo.

Matokeo yake unaweza kuyasikia. Muziki mwingi uliotokana na mdororo ule ulitengenezwa chumba cha kulala, na mtu mmoja mwenye vipokea sauti masikioni: sauti ya kunong'ona, ngoma za programu, hakuna bendi ya watu watano, kwa sababu watano hawana pa kufanyia mazoezi. Walioshika mlango nao walibadilika kwa namna ya pekee. Mifuko ya uwekezaji iliyokuwa ikigharimia filamu za bajeti ya kati ilijiondoa, na Agosti 2009 Disney ikatangaza kuinunua Marvel, kampuni ya mashujaa wa katuni, kwa dola bilioni 4, kwani mwenye mtaji haba hununua jina linalojulikana. Magazeti ya Marekani yaliyokuwa na wafanyakazi wa habari takriban 71,000 mwaka 2008 yalibaki na kama 31,000 mwaka 2020, na humo walimo wakosoaji wa vitabu na muziki, ambao kazi yao ilikuwa kumwambia msomaji wa mbali kwamba kuna kitu kinachemka mahali fulani. Safari hii aliyekufa hakurithiwa na vijana wa mtaa. Alirithiwa na majukwaa: Spotify, la kusikilizia muziki, lilifunguliwa Oktoba 2008, na Airbnb, la kupangishia malazi, Agosti mwaka huohuo.

Tahadhari ni kwamba sababu huchanganyika. Mgomo wa waandishi wa Hollywood, kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, ulibadilisha runinga wakati uleule, na wengi huupa mdororo matokeo ya mgomo. Simu za mkononi zenye programu zingekuja hata kama hakuna benki ingeanguka. Njia ya kutenganisha ni kulinganisha nchi mbili zilizopata teknolojia ileile huku moja ikikwepa mdororo. Australia, ambayo uchumi wake haukudorora rasmi mwaka 2008 na 2009, nayo iliona sidii zikipungua na vijana wakitengenezea muziki chumbani. Kwa hiyo chumba cha kulala hakiwezi kuwa mtoto wa benki zilizofilisika peke yake: teknolojia ilifanya iwezekane, kodi ya pango ikawafungia humo, na kodi ilipanda Sydney kama London. Mdororo wa 2020, ambao Marekani ulidumu miezi miwili tu kwa hesabu rasmi, Februari hadi Aprili, utakuwa mgumu zaidi kuusoma, kwa sababu serikali nyingi ziligawa fedha huku zikifunga kumbi. Mfuko ulikuwa na kitu na mlango ulikuwa na kufuli. Kampuni ya magitaa ya Fender ilipata mauzo yake makubwa kuliko mwaka wowote uliotangulia. Magitaa hayo sasa yako kwenye nyumba za watu, na kwa mwendo wa uchoraji wa New York, wapigaji wake wana miaka kadhaa bado kabla ya kupata mahali pa kukutana.